Datsun ya marehemu baba na trela la mchele

Kati ya barua zilizonifikia juma hili iko moja kutoka Wang'uru, kule Mwea, ambayo nimeisoma mara tatu. Mwandishi wake ni kijana wa miaka 24, kifungua mimba wa familia ya watoto wanne. Baba yake alipofariki aliwaachia mashamba mawili madogo ya mpunga, deni la mbolea, na gari. Na si gari la hivi hivi. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, lile lenye pua ndefu na mkia mfupi, lenye viti viwili tu, ambalo mzee hakukubali kuliuza hata siku za dhiki. Kwa miaka tisa limekaa kibandani likiwa limefunikwa turubai la kuanikia mpunga.

Kijana amelifufua. Amesafisha kabureta zote mbili, amebadilisha mabomba ya breki, ametia matairi mapya, na sasa injini inawaka bila ya kusukumwa. Lakini ana dada aliye mwaka wa pili chuo kikuu jijini Nairobi, na wadogo wawili wa sekondari. Mavuno ya msimu huu si haba. Anajua kwamba pishori ikiuzwa mtaani Nairobi, nyumba kwa nyumba bila ya dalali, hulipa kuliko ikiuzwa kando ya barabara pale Wang'uru. Kwa hivyo anataka kununua trela dogo, alifunge nyuma ya Datsun, na kila Ijumaa ashuke nalo jijini, safari ya takriban kilomita 100. Fundi mmoja amemwahidi kumfungia chuma cha kuvutia trela kwa asubuhi moja tu, akikichomelea kwenye kulabu iliyo chini ya bampa ya nyuma. Mama mtu amekataa katakata. Anasema gari la mumewe halitageuzwa punda.

"Mzee," kijana anauliza, "gari lililoshinda Safari Rally mara mbili litashindwaje na magunia ya mchele?"

Nitamjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wako wengi wenu, hata huko mijini, wenye Peugeot, MG, Triumph au Volkswagen ya babu chini ya mwembe, na ambao siku moja watataka kuvuta kitu nayo.

Kwanza tumpe haki yake. Ni kweli 240Z ilishinda. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishika nafasi ya kwanza, na ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta, naye pia akiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews na kushinda, safari hiyo kwa unywele: walimaliza wakiwa sawa kwa alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine, ile 1800 SSS, ikabidi sheria ya kuvunja sare ndiyo iamue. Wazee wetu waliosimama kando ya barabara siku za Pasaka wakirukiwa na matope hawajasahau mlio wa injini hiyo ya silinda sita.

Lakini sikiliza. Magari yale yalikuwa yakijibeba yenyewe. Hayakuvuta kitu. Isitoshe, bodi zake zilikuwa zimeimarishwa kwa ajili ya kazi ile kabla ya kuguswa na jiwe la kwanza la Kenya. Datsun ya marehemu baba haikuimarishwa, na tangu 1972 imekula mvua, vumbi na kutu. Ushindi wa Mehta hauwezi kuhamia katika chuma chake.

Sasa tuje kwenye ile kulabu, maana hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kila gari la Safari lilikuwa na kulabu nyuma na mbele, na magari mengi ya kawaida vilevile yanayo. Kazi yake ni kutolewa matopeni. Trekta linakuja, kamba inafungwa, gari linavutwa mara moja au mara tatu, basi. Gari likivuta trela, mambo ni mengine kabisa. Kila shimo, kila tuta, kila unapokanyaga mafuta au breki, trela husukuma, huvuta, huinua na kukandamiza. Hiyo ni mara maelfu kati ya Wang'uru na Thika pekee. Chukua kipande cha waya ukivute kwa nguvu zako zote, hakitakatika. Kisha kikunje huku na huku mara ishirini. Chuma nacho huchoka hivyo hivyo, na kikichoka hakipigi kelele. Kulabu ya kuvutwa na chuma cha kuvutia ni ndugu wa mbali sana.

Chuma hicho mafundi wetu wa jua kali hukiita "toba", na sitawalaumu, kwa sababu nimeona waliokifunga ovyo wakatubu kweli. Nami nitakiita hivyo hivyo ili tusichoshane.

Toba yenyewe si kitu kigumu kutengeneza. Pale Mwea, ambako tangu miaka ya 1950 mpunga umekuwa ukitolewa mashambani kwa mikokoteni ya ng'ombe na matrela ya trekta, hakuna uhaba wa watu wanaojua kuchomelea. Swali ni moja tu, na ningependa msomaji ulishike kuliko mengine yote: toba imefungwa kwenye nini? Lori lina chesisi, yaani fremu nene ya chuma inayobeba kila kitu. Pikapu inayo. Landrova inayo. Datsun 240Z haina. Bodi yake ndiyo chesisi yake. Ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa ufundi mkubwa ili gari liwe jepesi, ndiyo maana lote zima lina uzito wa kilo 1,040 hivi. Ukilala chini yake kwa nyuma utaona mikono miwili ya bati iliyokunjwa mfano wa mfereji, ikipita chini ya sakafu ya buti, mmoja kushoto na mwingine kulia. Hiyo mikono miwili ndiyo pekee inayoweza kubeba toba. Bampa haiwezi. Lile bati la nyuma linaloshikilia taa haliwezi. Kulabu nayo haiwezi, kwa kuwa imeshikwa mahali pamoja upande mmoja, nawe unataka mzigo ugawanywe pande mbili.

Na hapo hapo, kwa bahati mbaya, ndipo kutu hupenda kukaa katika magari haya. Kisima cha gurudumu la akiba hukusanya maji. Matope yaliyorushwa na magurudumu huingia ndani ya ile mifereji na kukaa humo miaka. Huko Mwea udongo ni ule mweusi unaonata kama gundi, ukikauka hushika unyevu ndani kama sponji. Kijana wangu, kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja, toa zulia la buti, toa gurudumu la akiba, chukua bisibisi na ugonge mikono hiyo miwili sentimita kwa sentimita. Chuma kizima hulia "ting". Kilichooza hujibu kwa sauti ya kisonono cha debe bovu, na pengine bisibisi itazama. Ikizama, sahau habari ya trela mpaka bati jipya litiwe. Usikubali mtu akufunike shimo kwa gundi ya bodi na rangi nyeusi. Gundi hiyo hujaza mashimo ya macho tu.

Tuseme umegonga na kote kumelia vizuri. Fundi asichomelee toba moja kwa moja kwenye bati la gari. Bati hilo ni jembamba, na moto wa kuchomelea hulifanya kuwa kavu pembezoni mwa mshono, kisha ufa huanzia pale pale. Aifunge kwa bolti. Kwanza atengeneze mwamba wa bomba la mraba, milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 5, unaokwenda kutoka mkono huu hadi ule nyuma ya bampa. Kutoka kila ncha ya mwamba huo auchomelee ubao wa chuma wa milimita 6, unaolala chini ya mkono wa bati kuelekea mbele kwa nusu mita hivi. Kadiri ubao unavyokuwa mrefu ndivyo mzigo unavyosambaa. Bolti tatu kila upande, za milimita 12, zenye alama ya 8.8 kichwani. Bolti isiyo na alama kichwani ni ya kufungia mlango wa zizi. Ndani ya buti, juu ya kila bolti, kuwe na kipande kipana cha chuma badala ya washa ndogo, la sivyo bolti itapenya bati kama sindano. Na mahali ambapo mkono uko wazi ndani, atie kipande cha bomba ambamo bolti itapita, ili ukikaza nati usiubonyeze mkono ukawa bapa. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko.

Hivi ndivyo utakavyompendeza mama pia. Toba ya bolti hufunguliwa. Siku ukikata shauri la kuacha biashara, unaitoa, unaziba matundu sita, na gari la mzee linabaki lilivyokuwa.

Jambo moja sitalipitia haraka. Tangi la petroli la gari hili liko nyuma, chini ya sakafu hiyo hiyo ya buti. Fundi akitaka kuchomelea hata kipande kidogo cha kutilia nguvu, tangi litoke kwanza, likawekwe mbali kabisa na cheche. Wapo wanaosema, "Tangi ni tupu, hakuna wasiwasi." Tangi tupu ndilo baya zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Hata kutoboa kwa mashine kutafanywa baada ya kujua tangi na bomba zake zimepita wapi. Waya wa betri nao utolewe kabla ya kuchomelea, maana umeme wa mashine ile hauchagui njia.

Basi toba imefungwa, imepakwa rangi, inapendeza. Je, ivute nini?

Hapa ndipo ninapotofautiana na kijana wetu. Ameandika kwamba trela analolitaka hubeba tani moja, nalo halina breki zake lenyewe. Nasema hapana, na nitaeleza kwa hesabu. Uingereza, ambako watu wamevuta matrela kwa magari madogo kwa miaka mingi, kanuni ni kwamba trela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi nusu ya uzito wa gari, wala lisizidi kilo 750 hata gari likiwa zito vipi. Nusu ya 1,040 ni 520. Trela dogo la chuma lina kilo 120 hivi likiwa tupu. Ukitia magunia saba ya mchele ya kilo 50 umefika 470. Simama hapo. La nane litakufikisha kwenye ukingo, la tisa ni kucheza na roho za watu.

Injini haitalalamika, nalijua hilo. Silinda sita za lita 2.4 zitavuta tani moja kutoka Wang'uru hadi Makutano huku redio ikiimba. Ndiyo maana watu hudanganyika. Tatizo halipo katika kuondoka, liko katika kusimama. Datsun hii ina breki za sahani mbele na za ngoma nyuma, zilizotengenezwa kusimamisha gari na watu wawili, jumla kilo 1,200. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari hilo peke yake huhitaji mita 36 hivi kusimama. Funga nyuma trela la kilo 470 lisilo na breki: matairi yanayoshika lami ya kusimamia ni yale yale manne, lakini kinachosukuma kimeongezeka. Zile mita 36 huwa 50. Trela la tani moja pamoja na uzito wake? Utapita mita 65, na hapo nimechukulia kwamba litafuata nyuma kwa adabu wala halitajaribu kukupita ubavuni. Kisha ongeza ile sekunde moja ya kushtuka kabla ya mguu kufika kwenye breki. Kwa mwendo huo sekunde moja hula mita 22. Sasa fikiria Wang'uru yenyewe siku ya soko, wauza mchele pande zote mbili, bodaboda zikikatiza, na mtoto wa shule anayekimbilia upande wa pili. Upunguze mwendo mpaka 50 na breki zako zitakuwa na kazi isiyofika hata nusu ya ile ya 80. Ndiyo maana nakushauri ukiwa na trela usivuke 70 mahali popote, hata ile barabara kuu ya Thika ikikunyooshea mkono.

Magunia saba ni machache, najua. Lakini magunia saba kila Ijumaa ni kilo 350 za pishori, na kwa kuuza nyumba kwa nyumba hiyo ni kazi ya kutosha ya siku mbili kwa mtu mmoja. Msimu ukiwa mkubwa, kodisha pikapu siku hiyo au changa na majirani mlipe lori. Usimlipishe Datsun deni la pikapu.

Namna ya kupakia nayo ina siri. Watu wengi hupanga magunia wakiyaanzia nyuma kwa kuwa ndiko mlango uliko. Trela zito nyuma huinua gari mkia, kisha likipata mwendo huanza kutikisa kiuno kama nyoka, na dereva asiyejua hukanyaga breki kwa hofu. Hapo huwa yamekwisha. Panga mzigo ukae juu ya ekseli ya trela, ukielemea mbele kidogo. Uzito unaokandamiza gololi ya toba uwe kama kilo 35 kwa mzigo huu. Utaupimaje? Wang'uru hukosi mizani! Azima ile ya kupimia mchele, iweke chini ya shingo ya trela lililopakiwa na kusimama sawasawa, usome. Ikipungua 25, sogeza gunia mbele. Ikizidi 45, rudisha nyuma. Usiidharau tofauti hiyo. Gololi iko karibu mita moja nyuma ya magurudumu ya nyuma, na gari hili lina urefu wa mita 2.3 tu kutoka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo kilo 35 kwenye gololi huwa kama 50 kwenye magurudumu ya nyuma. Zile 15 za ziada zimeibwa mbele, kwenye magurudumu yanayofuata usukani. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi kama wa gari la watoto, umepakia vibaya. Taa nazo zitaangalia juu na kuwapofusha wanaokuja. Springi za nyuma zilizochoka zibadilishwe kabla ya yote.

Na trela likianza kule kutikisa kiuno njiani, usikanyage breki, usiongeze mafuta. Ondoa mguu taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo ufe wenyewe.

Nimetaja gololi. Kuna jambo dogo hapa ambalo limeangusha matrela mengi. Gololi zinazouzwa madukani zinafanana machoni lakini si sawa: iko ya milimita 50, iko ya inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na iko ya inchi moja na thumuni saba, ambayo ni kama milimita 47.6. Kofia ya trela ya milimita 50 haitaikumbatia vizuri gololi ya inchi 2, itakaa juu juu tu ikikudanganya kwamba imejifunga. Kofia ya inchi 2 juu ya gololi ndogo kabisa itachomoka kwenye tuta la kwanza. Nunua vyote viwili pamoja, soma namba iliyochorwa juu yake, na ukishafunga jaribu kuinua shingo ya trela kwa mikono yako mpaka gari linyanyuke kidogo. Gololi ikae kati ya sentimita 35 na 42 kutoka chini, mzigo ukiwemo, ili trela lilale sawa. Wale waliozoea matrekta watakushauri utumie pini na tundu badala ya gololi. Wakatalie. Pini ina nafasi, na ile nafasi hugonga kila unapobadilisha gia, na kila kugonga kunahesabiwa na lile bati jembamba. Mwisho, minyororo miwili ipishane chini ya shingo, ili siku gololi ikifunguka shingo iangukie minyororo wala isichimbe lami.

Umeme sitauongelea sana, isipokuwa kwamba gari la 1972 lina waya za mwaka 1972. Taa zake zote ndogo hupita kwenye fyuzi ambayo hata bila ya trela huwa na tabia ya kuchemka. Usichomeke taa za trela humo. Leta waya mpya kutoka betri, wenye fyuzi yake, upitie kwenye relei, zile taa za zamani ziwe za kutoa ishara tu. Indiketa zitawaka haraka haraka kama zina homa kwa kuwa flasha ya zamani haikuzoea balbu za ziada. Tia flasha nzito. Katika soketi ya matundu saba, rangi ni hizi: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, nyeusi taa ndogo ya kushoto, kahawia ya kulia, buluu taa ya ukungu, na nyeupe ndiyo ya kurudisha umeme kwenye betri. Matatizo tisa kati ya kumi ya taa za trela yako kwenye hiyo nyeupe, wala si kwenye balbu.

Halafu sheria. Trela husajiliwa peke yake, ndiyo maana waona namba za matrela yetu huanza na herufi Z. Ukilinunua lililotumika, hakikisha karatasi zake zimehamishwa kwa jina lako kupitia NTSA. Bima nayo usiibahatishe. Andikia kampuni yako kwamba gari limefungwa toba, eleza litavuta nini na kwa kazi gani, kisha upate jibu kwa maandishi. Bima ya gari la nyumbani haikuandikwa kwa ajili ya biashara, na siku ya ajali ndiyo siku wakadiriaji husoma kila mstari.

Kwa wenye magari mengine, kwa ufupi: Triumph za TR hadi TR6 zina chesisi yake kando na bodi, hizo ni rahisi, ingawa nayo hula kutu. MGB haina, ifuate njia ya Datsun. Porsche 911 na Volkswagen zile za kobe zina injini nyuma, kwa hiyo toba itapigania nafasi na injini na bomba la moshi, na uzito wa nyuma tayari ni mwingi. Hizo ziacheni zipumzike.

Nirudi kwa mama. Nadhani katika ugomvi huu ana hoja ambayo hata yeye mwenyewe hakuitaja. Mwezi wa Januari 2020 Datsun 240Z moja, iliyotunzwa na kubaki na asili yake yote, iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Ya Wang'uru haifiki huko, asije mtu akaota, lakini hata za kawaida zilizo nzima huuzwa ng'ambo kwa makumi ya maelfu ya dola. Kijana anadhani ana kikokoteni cha kulipia karo. Huenda ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote alivyoachiwa, mashamba pengine yakiwemo. Kila tundu lisilo la lazima, kila bati lililochomelewa kwa pupa, linapunguza urithi wa wale wadogo watatu, na si wake peke yake. Akae na mama na dadaye wakubaliane, toba iwe ya kufunguliwa, mzigo uwe magunia saba, na vipande vyote vya asili vitakavyotolewa viwekwe kwenye sanduku vikiwa vimeandikwa majina. Wakikubaliana kuliuza, vilevile sitawalaumu, ila wasimuuzie wa kwanza atakayebisha hodi.

Wakiamua kuendelea, kijana wangu, juma la kwanza usisafiri. Tafuta kiwanja kitupu ujifunze kurudi nyuma na trela tupu (si ndani ya Uwanja wa Wang'uru, ule uliofanyiwa sherehe za Mashujaa mwaka 2021, utafukuzwa). Trela fupi nyuma ya gari fupi hujikunja upesi kuliko unavyodhani: shika usukani kwa chini, na upande utakaousogeza mkono ndio upande litakaoelekea trela. Safari ya kwanza iwe hadi Makutano na kurudi, na magunia matatu. Ukifika nyumbani ingia chini na spana, ukaze zile bolti sita. Zikaze tena baada ya kilomita 500, kisha kila mwezi, na kila ukiwa chini hapo uangalie rangi pembezoni mwa vile vipande vya chuma. Ukiona mstari mwembamba wa kutu ambao wiki iliyopita haukuwapo, ujue bati limeanza kupasuka. Fungua trela siku hiyo hiyo, na mchele upande matatu.